Risasi Sita Juu ya Bamba

Habari hii alinipa Rukia binti Makame, mwaka ule mvua ilipobeba daraja la mbao hapa kwetu Ilula, tukiwa jikoni tunachambua maharage. Yeye mwenyewe alikuwemo ndani yake. Kila alipofika penye uchungu alikuwa akiusukuma ungo mbele, kisha anauvuta tena.

Ilikuwa Julai ya mwaka 1957. Baridi kali. Uyole, jua halijachomoza.

Tupokigwe aliupiga teke mlango wa gereji.

Ukafunguka wote.

"Saulo! Toka chini ya gari."

Miguu miwili ikajikunja chini ya Bedford. "Mama, hodi hupigwa kwa mkono."

"Leo napiga kwa mguu. Toka."

Saulo fundi akatoka akijipangusa grisi. Alimjua mama huyu kama watu wote wa Mbeya walivyomjua: mjane wa Kinyakyusa mwenye pikipiki ya BSA, anayezunguka kuuza vipuri vya cherehani za Singer. Bastola ya Webley iliyokuwa ndani ya koti lake hakuijua. Sasa aliijua, maana ilikuwa inamtazama.

"Bwana Harkness yuko wapi?"

"Ameondoka jana na Land Rover yake. Mama, mimi fundi tu. Nina watoto."

"Na waliokufa Ilula walikuwa na watoto. Amekutengenezesha nini?"

Mezani palikuwa na mashine ya visahani vya kioo, ya kuzungusha kwa mkono, na saa ya kupimia volti pembeni. Tupokigwe aliitambua mara moja. Miaka ya vita alifunzwa mitambo ya redio, na mashine kama hiyo ilikuwa pale darasani. Hutoa umeme wa kukaa, ule unaosimamisha nywele.

"Sanduku la redio," Saulo akasema. "Lakini ndani hakuna redio. Kuna mabamba mawili ya shaba, moja juu ya jingine, kila moja futi kwa futi. La chini limekazwa. La juu limening'inizwa kwa springi. Akaniambia ni mtambo wa kupimia radi."

"Ukaamini."

"Nililipwa ili niamini."

"Mabamba mliyatia umeme kiasi gani?"

"Mshale ulifika elfu tatu. Tena tulihangaika! Springi aliyoipigia hesabu yeye mwenyewe ilikuwa kali mno, bamba la juu likagoma kushuka. Alitukana mpaka akaishiwa matusi. Nikafunga nyingine, nguvu yake nusu ya ile. Ndipo likashuka, likatulia. Kisha tukalibana kwa kitasa lisicheze njiani. Chini yake kuna kopo la bati. Hilo alilichomelea mwenyewe, akanifukuza nisione."

Tupokigwe alijua kopo lina nini. Kwa miezi mingi baruti zilikuwa zikipotea kwenye machimbo ya dhahabu kule Chunya.

"Sanduku kampa nani?"

"Mzee mmoja wa Rungwe, mwenye kofia ya pama. Zawadi kwa ukumbi wa wakulima wa pareto, Igowole. Leo wana mkutano saa tisa. Anaitwa Asukile."

Bastola ikashuka.

Asukile alikuwa baba mkwe wake.

Mumewe, Jailos, alikufa katika ghala la wakulima kule Ilula. Ghala lililipuka, na kesho yake likatangazwa jina la mchomaji: Jailos mwana wa Asukile. Maiti haiwezi kubisha. Wakulima wakavunjwa moyo, na mashamba yao yakanunuliwa kwa bei ya chumvi na walowezi waliotoka kusini, wakiongozwa na Harkness. Sasa zamu ya Igowole. Na lawama ilikwisha pimiwa mtu wake, kama fundi cherehani anavyopima kanzu: baba wa mchomaji, mchomaji naye. Nani angeuliza?

Hasira ilimpanda Tupokigwe mpaka masikio yakamvuma.

Alitoka nje. Nyuma ya BSA palikuwa na kopo la maziwa. Akazungusha mfuniko, akavuta waya. Maziwa hayakuwemo. Ilikuwamo redio ya mawasiliano.

"Sindano, Sindano. Huyu ni Uzi."

Iringa mjini, nyuma ya pazia la duka la kanga, Rukia, mwenzake katika kazi yao ya siri, akaivaa spika ya sikioni. "Sema, Uzi."

"Nguo imekwisha kushonwa. Imepelekwa Igowole. Aliyeibeba hajui."

"Mkubwa anasema ungoje kibali."

"Mwambie Mkubwa kibali atanikuta nacho njiani."

"Tupo, dada yangu, usi..."

Redio ikazimwa.

Alipiga gia. Chimala ikapita. Igawa ikapita. Vumbi la tambarare za Usangu likamjaa mdomoni, akalitema pamoja na jina la Harkness. Makambako alitia petroli bila kuzima injini, mwenye pampu akapiga kelele, akamwacha na kelele zake. Aliposhika njia ya Mufindi, vumbi likakoma.

Ukaanza ukungu.

Ukungu wa Mufindi wa mwezi wa saba si wa kutazama kwa mbali. Unaingia kwenye mikono ya koti. Unalowesha kiberiti mfukoni. Tupokigwe aliyafuta matone kwenye usukani, yakarudi.

Harkness alijaza mabamba yake Uyole, penye hewa kavu ya Julai. Alitaka umeme ukae hadi mkutano uchangamke, kisha uvuje taratibu. Maana mtego wake ulikuwa hivi: umeme wa mabamba huyafanya yavutane, na mvuto huo ndio unaolishika bamba la juu lisipandishwe na springi. Umeme ukiisha, bamba linapanda, linagusa waya, baruti inapasuka.

Lakini umeme wa kukaa hauwezi unyevu. Katika ukungu huu usingengoja mkutano.

Akaongeza mafuta.

Ukumbi wa Igowole ulikuwa banda la mbao la kuanikia pareto. Nje, watu walikuwa wanakusanyika, wamejifunika mablanketi. Tupokigwe aliiacha BSA ianguke.

"Nani mwenyekiti hapa?"

"Mimi, Anania. Karibu mama, cherehani yangu ile..."

"Baba Anania, hamisha watu. Wote. Mpaka kule kwenye mfereji. Ndani kuna baruti."

Anania alimtazama usoni. Hakuuliza la pili.

Tupokigwe akausukuma mlango.

Ndani palikuwa na mabenchi, harufu ya pareto, na kuku mmoja mwekundu aliyekimbia manyunyu. Na kwenye benchi la mbele, peke yake, Mzee Asukile. Amelipakata sanduku magotini kama mjukuu.

Mzee aligeuka. Akamwona.

Akajitupa upande, uso kwenye mikono, tayari kuinuka akimbie.

Hapa lazima nieleze kwa wasiojua. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani. Hawatazamani, hawasemezani, hawakai chini ya paa moja. Mwanamke akimwona mkwewe njiani anaingia porini. Kanisa lilikwisha sema inatosha. Mzee Asukile alikuwa mzee wa kanisa, lakini jambo hili hakuliachia kanisa. Tangu Tupokigwe aolewe, hata kwenye mazishi ya Jailos, hawakuwa wametazamana.

Na sasa mzee alitaka kuinuka, na akiinuka wanakufa.

Tupokigwe alivuta kanga akajifunika uso mzima, akaacha tundu la jicho. Akageukia pembeni.

"Wewe kuku!" akapaza sauti. "Mwambie mzee asiinuke! Mwambie kwa jina la Jailos, asitikise hata goti!"

Mzee akaketi tena, polepole. Akaishusha kofia ya pama mpaka puani, akaelekeza kidevu ukutani.

"Kuku," akasema kwa sauti nzito, "muulize huyo mama, ana wazimu gani wa kunifuata mimi humu."

"Kuku, mwambie mzee hiyo si redio. Ni baruti. Ni ileile iliyomuua mwanawe."

Mikono ya mzee ilikaza kwenye sanduku.

"Kuku, muulize mzee kama amekigusa kitasa."

Mzee akaujibu ukuta. "Nilikizungusha kidogo. Nilitaka nisikie kama inasema. Nisije nikaaibika mbele ya watu kwa redio bubu. Ikakataa. Nikafikiri inahitaji kupumzika."

"Na kwa nini hakuiweka mezani?"

"Nitawekaje mezani vitu vya watu ambavyo hawajavipokea? Kuku, huyo mama kafundishwa na nani?"

Tupokigwe alipiga magoti. Hakumwona mzee, aliona magoti yake tu, na suruali iliyotiwa kiraka. Alitoa bisibisi, akafungua kifuniko.

Mabamba ya shaba yaling'aa. Alichomoa uzi mmoja wa kanga, akausogeza. Uzi ukanyooka wenyewe, ukalifuata bamba. Umeme ungalimo. Aliupima upana wa pengo kwa jicho: unene wa njiti ya kiberiti. Kisha akaona kilichomtisha. Bamba la juu lilikuwa linatetemeka, linapanda, unywele kwa unywele.

Hakuweza kulisukuma kwa kidole. Mabamba yakigusana umeme ukiwamo, cheche inaruka kwenye waya. Baruti. Akiliacha lipande, linagusa waya wa juu. Baruti. Sanduku likiinama, hivyohivyo.

Njia ilikuwa moja. Aliongezee bamba uzito kidogo kidogo, kadiri mvuto unavyopungua, pasizidi pasipungue, mpaka umeme uishe wote na uzito ulishike peke yake. Baada ya hapo mabamba yagusane yanavyotaka.

Uzito gani? Akachomoa Webley, akafungua tumbo lake. Risasi sita, kila moja gramu kumi na sita. Alizipima siku za mafunzo.

Zingetosha?

Alipiga hesabu kichwani, hasira ikimchemka, akimwona Harkness akila chakula cha mchana kwenye kitambaa cheupe. Alichukua chaji yote ya bamba, akaizidisha kwa nguvu ya umeme iliyomo pengoni.

Gramu mia moja themanini na nane. Risasi kumi na mbili.

Anazo sita.

Kuku akadonoa sakafu.

"Kuku," mzee akasema, "mwambie huyo mama aende. Mimi nimekwisha kula chumvi nyingi. Nitangoja hapa na vitu vyangu."

"Haendi mtu!" Tupokigwe alifoka, akasahau hata kuku. Kisha akafumba macho. Pole, akajiambia. Umekasirika, na umehesabu kwa hasira.

Alianza upya kwa njia nyingine. Aliacha kuuliza bamba linavutwa vipi, akauliza: kazi kiasi gani imewekwa humu? Mtu anapozungusha ile mashine, tone la kwanza la umeme huingia bure, bamba halina kitu. La mwisho ndilo husukumwa na elfu tatu nzima. Katikati ni nusu. Kwa hiyo nishati iliyowekwa ni nusu ya chaji mara volti, si yote. Kwa futi kwa futi, na pengo la njiti, haikufika juli mbili katika elfu. Na nishati hiyo ndiyo kazi ya kuyatenganisha mabamba kutoka kugusana hadi upana wa njiti. Igawanye kwa upana huo, unapata mvuto wenyewe.

Akagawanya.

Gramu tisini na nne.

Nusu! Akaona alipokosea. Ile nguvu ya umeme pengoni ni ya mabamba yote mawili, nusu kwa nusu. Na bamba halijivuti lenyewe. Huvutwa na mwenzake tu.

Risasi sita ni gramu tisini na sita. Zinatosha, na hakuna ya akiba.

Ndipo maneno ya Saulo yakamrudia: springi ya Harkness ilikuwa kali mno, ikatakiwa nusu yake. Kumbe na yeye alikosea palepale. Tofauti ni kwamba hakurudi kuuliza kwa nini. Alitukana, akabadilisha springi, akaendelea na njia yake.

Bamba likapanda unywele. Tupokigwe akaweka risasi ya kwanza katikati. Bamba likarudi mahali pake.

Ya pili.

Ukungu ulipita kwenye nyufa za mbao. Ya tatu. Magoti ya mzee hayakutikisika. Ya nne.

"Kuku, mwambie mzee anafanya vizuri."

"Kuku, mwambie nimekaa kwenye mabenchi ya kanisa tangu ujana. Naweza kukaa."

Ya tano.

Mlango ukalia.

"Simama hapo! Mikono juu!"

Harkness. Buti zenye matope, bastola ya Luger mkononi. Alikuwa ameegesha Land Rover kilimani kungoja kishindo, akaona watu wakihamia mfereji. Akadhani mzee hajazungusha kitasa.

"Wewe mama ya cherehani," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Mimi najua wewe. Bibi ya Jailos."

"Mjane wake. Ulimfanya nini?"

"Yeye taka kuona ndani ya sanduku yangu kule Ilula. Mimi acha yeye ona." Akaiona Webley kwenye benchi, tumbo wazi, tupu. Akacheka. "Bunduki bila risasi! Risasi yako wapi, mama?"

"Njoo uone. Zipo kazini."

Risasi ya sita ilikuwa ndani ya kiganja chake. Bamba lilikuwa linapanda. Jasho lilimtiririka chini ya kanga, lakini sauti yake ilitoka baridi kama maji ya kisima.

"Ukungu umekula umeme wako, Bwana Harkness. Kitasa kimezungushwa zamani. Bamba limeshikwa na risasi zangu tu. Nipige, niangukie sanduku, twende wote."

Harkness alinyoosha shingo. Aliliona bamba likitetemeka. Uso ukamgeuka rangi ya majivu.

"Risasi ngapi?"

"Tano. Na hii ya sita. Sina nyingine."

Midomo yake ilicheza. Alikuwa anahesabu, na Tupokigwe alijua anahesabu nini.

"Sita? Sita hapana tosha! Taka kumi na mbili!"

"Basi kumi na mbili sina."

Bwana mkubwa alipiga ukelele, akageuka, akakimbia. Alijigonga kwenye mlango, Luger ikaanguka, akaenda bila hiyo. Nje akasikika akilia, "Kimbia! Inapasuka! Kimbia!"

Bamba lilikuwa limebakiza unywele kuugusa waya.

Tupokigwe akaweka risasi ya sita.

Bamba likasita.

Likashuka.

Likatulia.

Akausogeza ule uzi wa kanga. Ulining'inia tu, hauna wa kuuita. Umeme umekwisha. Ndipo akalikandamiza bamba kwa kiganja, bila hofu, shaba juu ya shaba. Akalifunga sanduku kwa mkanda wa koti. Akazichomoa risasi zake moja moja, akazirudisha katika Webley.

"Kuku, mwambie mzee sasa anaweza kuinuka."

Mzee hakuinuka. Alikuwa analia chini ya kofia. "Kuku, huyu Mzungu amesema nini juu ya Jailos? Nimesikia vizuri?"

"Amesikia vizuri. Na mbao hizi ni nyembamba."

Walisikia wote, kweli. Anania na wanaume kadhaa hawakukubali kumwacha mama peke yake, walirudi wakasimama nyuma ya ukuta. Harkness aliteleza kwenye tope la mfereji, na walipomfikia hawakumpiga. Walimkalia. Watu wanne wazima, na wa tano aliomba nafasi.

"Mama," Anania aliita kutoka juu ya mgongo wa Harkness, "tumfanyeje huyu?"

Tupokigwe alimsogelea. Alikuwa na risasi sita, na kila moja ilikuwa na jina la mtu yule. Akaisukuma Webley ndani kabisa ya koti.

"Mkalieni mpaka polisi waje," akasema. "Kisha mseme mlichosikia. Wote. Mlitaje jina la Jailos kwa sauti kubwa, mahakamani, mpaka waliolichafua walisikie."

Akaiinua BSA kutoka matopeni, akaipangusa kiti kwa kanga, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Jioni ile lori la wakulima lilimpeleka Mzee Asukile Iringa kutoa maelezo, na Rukia akampa chumba cha mbele. Tupokigwe alikuwa wa nyuma, ukuta wa udongo kati yao. Hata hivyo, paa lilikuwa moja, na mzee alijua.

Taa ilipopunguzwa, mzee alikohoa.

"Ukuta," akasema, "mwambie mwanangu kwamba Jailos alioa mke kweli."

Upande wa pili Tupokigwe aligeukia ukutani.

"Ukuta, mwambie baba alale. Kesho tuna mahakama."

"Na yule kuku je?"

"Naye amekuja. Yuko jikoni kwa Rukia."

Mzee alicheka kidogo, akaanza kukoroma. Tupokigwe alilala na viatu, ngumi imekunjwa kifuani, na Rukia aliyekuja kumfunika aliona kuwa hata usingizini hajaifungua. Akaenda kuizima redio nyuma ya pazia la kanga. Akakaa kwenye kigoda, akasikiliza pumzi za watu wawili, upande huu na upande ule wa ukuta, mpaka na yeye macho yakamfunga.